Hannibal, Mirambo na mifuko mia sita ya simenti

Bango lilisomeka vizuri hata kutoka upande wangu wa barabara: simenti, bei ya chini kuliko yangu kwa shilingi mia saba kila mfuko. Lilikuwa jekundu, limefungwa kwenye nguzo mbili, na chini yake wamepanga mabati kwa rangi utadhani duka la vitenge. Ilikuwa mwezi wa sita, msimu ambao kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tabora anausubiri mwaka mzima. Mvua imekatika, tofali zimechomwa, na pesa ya tumbaku imeanza kuingia Urambo na Kaliua.

Faida yangu kwa mfuko mmoja ilikuwa shilingi elfu moja. Ilipofika saa nne nilikuwa nimeshika chaki. Nikafuta bei yangu ubaoni, nikaandika mpya, chini ya ile yao kwa shilingi mia moja. Kijana wangu wa dukani akapiga mluzi. Siku ile niliuza kuliko siku yoyote niliyokuwa naikumbuka.

Mifuko mia sita iliisha kwa siku tisa. Kwa kawaida mzigo kama ule hukaa wiki tatu. Jioni ya siku ya tisa nilikwenda barazani, kule ambako wazee wanakunywa kahawa na kucheza bao, nikiwa na uso wa mtu aliyeoa. Baba mdogo alikuwa anacheza. Nikamsimulia yote, bango, chaki, siku tisa.

"Umeshinda nini?" akauliza, macho yake yako kwenye kete.

"Nimewamaliza, baba mdogo. Wateja wote walikuwa kwangu."

"Sikukuuliza wateja walikuwa wapi. Umekula, au umetakata?"

Kwa wasiocheza bao: kete za mwenzako unazila kwa mtaji. Ukikosa mtaji, unatakata. Unachota kete zako mwenyewe, unazizungusha kwenye mashimo yako, zinarudi kulala upande wako ule ule. Mkono umefanya kazi na mashimo yamebadilika sura, lakini mwenzako hajapoteza hata kete moja. Sijui nani aliyelipa neno mtaji maana hizi mbili, ya bao na ya biashara, ila usiku ule nilipiga hesabu nikaona baba mdogo hakuwa anatania. Mifuko mia sita kwa faida ya shilingi mia mbili ni laki moja na ishirini elfu. Vibarua wa kushusha walikuwa wamechukua shilingi mia kwa kila mfuko. Zikabaki elfu sitini. Kodi ya pango peke yake ilikuwa inazidi hapo. Tena sehemu ya mauzo ilikuwa bado iko kwenye daftari la madeni, na wakala wa Dar alikuwa amepandisha gharama ya usafiri kwa sababu ni msimu.

Nilikuwa nimetakata kwa siku tisa.

Mimi ni mgonjwa wa historia tangu shuleni, ugonjwa usio na faida kwa muuza misumari. Niliwahi kuhudhuria semina ya ujasiriamali ambayo mtoa mada alitusomea misemo ya jenerali wa Kichina kuanzia saa tatu hadi chakula cha mchana. Mjue adui, ujijue mwenyewe. Tukapiga makofi, tukapewa kalamu na cheti. Misemo ile haikunisaidia mbele ya lile bango, kwa sababu msemo hauna tumbo. Vita vya kweli vina tumbo. Kuna watu wanakula kila siku, kuna punda, kuna mvua, na kuna mahali chakula kinakotoka. Ndiyo maana nikamrudia Hannibal.

Hannibal, jenerali wa Carthage, mji wa kale uliokuwa Tunisia ya leo, alivuka milima ya Alps mwaka 218 KK, na tembo wake, akaingia Italia na kuanza kuwapiga Warumi. Aliwapiga mtoni Trebia. Mwaka uliofuata akawapiga kando ya Ziwa Trasimene. Mwaka 216 KK, huko Cannae, aliwaacha wasukume safu yake ya katikati mpaka ikabonyea, kisha akawafunga kwa pembeni na kwa nyuma kama mtu anayekunja mkeka. Kwa hesabu za waandishi wa kale, Warumi waliokufa siku ile wanafika hamsini elfu au zaidi. Mpaka leo vyuo vya jeshi vinaifundisha Cannae.

Kisha Roma ikakataa kusalimu amri. Ilikataa hata kuwakomboa mateka wake. Ilinunua watumwa ikawapa silaha, ikaendelea. Hannibal akabaki ndani ya Italia mpaka mwaka 203 KK, miaka kumi na mitano, na katika muda huo mji wa Roma hakuuchukua. Ndugu yake Hasdrubal alipokuja na jeshi la kumwongezea nguvu mwaka 207 KK, alizuiwa mtoni Metaurus akauawa. Hannibal alipata habari hiyo pale kichwa cha ndugu yake kilipotupwa mbele ya kambi yake. Mwaka 202 KK akashindwa huko Zama, nyumbani kwao.

Aliyekuwa ameanza kumchosha ni mzee mmoja aitwaye Fabius Maximus. Baada ya Trasimene, Warumi walimpa Fabius madaraka yote, naye akafanya jambo lililowaudhi wote: akakataa kupigana. Alimfuata Hannibal kwa kupita vilimani, akawashambulia wale waliotumwa kutafuta nafaka, akaamuru mazao yaliyokuwa njiani yachomwe. Mitaani Roma wakamcheka. Walimwita mtumwa wa kumsindikiza Hannibal shule, yule mtumishi anayembebea mtoto wa tajiri mkoba. Hannibal naye alikuwa na akili ya uchonganishi. Akachoma mashamba ya watu eneo zima akaliacha la Fabius likiwa zima, ili watu waseme hawa wawili wana lao. Fabius akaliuza shamba hilo ili kukomboa mateka.

Nilipofika hapo nikasema moyoni, huyu ndiye mimi. Kesho yake nikarudisha bei yangu ya zamani, nikaacha kulitazama lile bango, nikakaa kilimani kwangu kusubiri.

Nilisubiri mwezi mzima wa saba. Sijawahi kuona duka lililotulia kama lile. Inzi walikuwa wanatua kwenye mizani bila woga.

Kosa langu ni la watu wengi wanaoazima akili vitani: nilichukua alichokifanya Fabius nikaacha kilichomwezesha kukifanya. Fabius alikuwa nyumbani kwake. Nyuma yake kulikuwa na nafaka, vijana wa kuandikishwa, miji washirika. Kila siku iliyopita bila vita ilimlisha yeye na kumnyima Hannibal, aliyekuwa ugenini na kila jioni lazima alishe jeshi. Kwangu ilikuwa kinyume. Kila siku iliyopita ilidai pango, umeme na posho za vijana wawili. Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara ana ghala na ana wakala anayempa mzigo kwa mkopo. Mwezi wa saba muda ulikuwa unamlisha yeye. Mimi ndiye niliyekuwa Hannibal, bila hata tembo.

Tangu hapo nikabadilisha swali. Nikaacha kujiuliza nitampigaje, nikaanza kujiuliza siku zikipita nani anashiba. Majibu yalikuja taratibu, mengine kutoka kwa meneja wa duka lile mwenyewe, ambaye siku moja alikuja kuomba chenji akakaa kidogo. Mwenye duka hakai hapa. Meneja anapewa kiwango cha mauzo cha kila mwezi, na asipokifikisha simu zinaanza. Mzigo wake unakuja kwa semi nzima nzima, kwa hiyo lazima utoke haraka ili ulipe ule wa nyuma. Kiangazi hilo halimsumbui. Lakini kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua zikishika, watu hawamwagi msingi, barabara za vijijini zinakatika, na simenti iliyorundikwa ghalani inavuta unyevu inaganda. Masika, muda unahamia upande mwingine wa barabara.

Maana masika watu hawaachi kununua, wananunua vidogo vidogo. Bati moja la kuziba pale panapovuja. Kofia ya bati, misumari robo kilo, turubai, mfereji wa kukinga maji ya paa, simenti nusu mfuko ya kupiga lipu chumba kimoja. Duka kubwa halifungui mfuko kwa ajili ya nusu, wala halina sababu ya kufanya hivyo. Mimi nilianza kufungua. Nikanunua kirikuu kuukuu kwa kuungaunga, nikawa nampelekea mtu bati lake hata kama ni moja, mpaka Ipuli, mpaka Cheyo, kwenye matope. Kiangazi nikapunguza simenti mpaka ile ninayoweza kuizungusha ndani ya wiki moja, bei ikabaki ile ile, anayeitaka kwa bei ya bango namwonyesha bango.

Hapo nitaje na Philip wa Macedonia, baba yake Alexander, aliyewakataza askari wake kutembea na mikokoteni, akawapunguzia watumishi, wakabeba unga wao wenyewe mgongoni. Jeshi jepesi hufika kabla hujalitegemea. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mzigo wa frasila mbili kutoka huku mpaka pwani, wangemwelewa mara moja. Dukani kwangu nilitoa aina kumi na moja za rangi ambazo zilikuwa zimekaa zaidi ya mwaka.

Ila kilichoniokoa hasa ni mafundi, na hapa Hannibal ana jambo lingine la kutufundisha. Mpango wake haukuwa kuua Warumi tu. Alitaka washirika wa Roma waiache. Kila aliposhinda, aliwashikilia mateka wa Kirumi na kuwaachia bure mateka wa washirika, waende kwao waseme ni mtu mwema. Baada ya Cannae baadhi walihama kweli, Capua ukiwa mji mkubwa kuliko yote. Lakini miji ya Kilatini na ya Italia ya kati, kwa sehemu kubwa, ilibaki. Ilikuwa na Roma tangu zamani, katika ndoa, biashara, haki na vita vya pamoja. Na tuseme ukweli, ilikuwa inaiogopa pia.

Sasa, mwenye nyumba wa Tabora hachagui duka. Fundi ndiye anayemwandikia orodha: nondo za milimita kumi na mbili kadhaa, binding waya kilo kadhaa, bati geji ishirini na nane, na mwishoni anasema kanunue kwa fulani. Duka la ng'ambo lilijua hilo. Waliwaita mafundi, wakawapikia pilau, wakawagawia fulana na kofia. Nilipita pale nikawaona mafundi wangu wote wamevaa fulana nyekundu, nikajua leo Capua imekwenda.

Wengine walikwenda na hawajarudi, sikatai. Lakini wengi walikuja dukani kwangu kununua wakiwa wamevaa zile fulana. Mmoja aliniambia, "Mzee, pilau nimekula, lakini mwaka ule mke wangu alipolazwa, nondo ulinipa kwa neno tu." Mimi nilikuwa nimelisahau jambo lile. Lilikuwa kwenye daftari, limelipwa, limepigwa mstari.

Lingekuwa jambo zuri kuishia hapo nikiwa mtu mwema. Lakini mwaka uliofuata nilifanya upumbavu mwingine, na safari hii mwalimu wangu alikuwa wa karibu zaidi.

Hapa kwetu huhitaji kwenda mpaka Carthage. Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840, akarithi utemi mdogo wa Uyowa, na ndani ya miaka michache akawa amejenga dola ambayo jina lake tunaliona mpaka leo kwenye stendi ya mabasi: Urambo. Jeshi lake lilikuwa la vijana wa rugaruga, wenye bunduki na mbinu za vita alizojifunza kwa Wangoni. Lakini silaha yake kubwa haikuwa bunduki. Ilikuwa ramani. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita kwake. Aliyetaka pembe za ndovu za Ujiji alilazimika kupita mbele ya Mirambo na kutoa hongo, neno ambalo zamani lilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, leo sote tunajua limefikia wapi.

Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Unyanyembe, utemi wenye mji wa Tabora, waliokuwa wakimuunga mkono mtemi Mkasiwa, akaifunga njia. Waarabu wakakusanya jeshi, na Stanley, mwandishi wa gazeti la Kimarekani aliyekuwa amekwama Tabora akimtafuta Livingstone, akajiunga nao. Waliteka Wilyankulu, jina lile lile la Ulyankulu tunakopeleka mabati leo. Wakabeba pembe, wakabeba watu, wakaanza kurudi wamelemewa na nyara. Mirambo hakuwa amekimbia. Alikuwa amelala kwenye majani ya njiani, akawavamia. Wiki kama mbili baadaye akaja mwenyewe Tabora, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa.

Nilipokuwa kijana nilikuwa naisimulia hadithi hii naishia hapo, moto unawaka na sisi Wanyamwezi tunacheka. Sasa naangalia zaidi kilichofuata. Stanley alizunguka. Akashika njia ya kusini, akapita Ugunda na Ukonongo, na kabla mwaka 1871 haujaisha alikuwa Ujiji anasalimiana na Livingstone. Njia iliyofungwa iliwaumiza Waarabu, ndiyo, lakini ilimbana na Mirambo mwenyewe, kwa sababu baruti na bunduki zilitoka pwani, na biashara iliyokufa hailipi hongo. Miaka ya baadaye alitafuta amani. Mwaka 1876 alichanjiana damu na Stanley yule yule. Akawakaribisha wamisionari Waingereza, akatafuta urafiki wa balozi wao Zanzibar. Kisha mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, wakauawa Mpimbwe katika kijiji kilichoshambuliwa na jeshi lake pamoja na washirika wake, na urafiki alioujenga kwa miaka ukaharibika.

Upumbavu wangu ulikuwa wa kufunga njia. Kulikuwa na aina moja ya bati la rangi ya damu ya mzee lililokuwa linapendwa sana Urambo, na msambazaji mmoja tu ndiye aliyelileta ukanda huu. Nikakopa, nikanunua karibu mzigo wake wote, tukakubaliana asimpe mwingine kwa msimu mzima. Nikapandisha bei. Wiki tatu za mwanzo nilijiona nimekaa Iselamagazi, makao makuu ya Mirambo, napokea hongo. Kufikia wiki ya tano simu zikapungua. Watu wa Urambo walikuwa wamegundua kwamba bati lile lile linapatikana Shinyanga, na lori linalorudi tupu linabeba kwa bei ya kutupa. Walizunguka, kama Stanley. Bati lililobaki niliuza mwaka uliofuata kwa hasara, na baadhi ya wateja wale, wakishaijua njia ya Shinyanga, wakawa wananunua huko na misumari.

Nimeongea kuhusu vita muda mrefu, na kuna mahali mfano huu unanishinda. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipoona Wajerumani wameingia kwenye boma lake hapa hapa mjini, Januari 1893, aliwasha baruti akajilipua. Nimesikia mtu akiligeuza jambo hilo kuwa somo la kujitoa kwa ajili ya kampuni. Mimi sitaligusa. Kuna vifo havifai kufanywa ushauri wa mauzo. Na meneja wa ng'ambo alipofiwa na baba yake nilifunga duka nusu siku nikaenda msibani, nikatoa rambirambi kama jirani yeyote. Hakuna jenerali wa kale niliyemsoma ambaye alilazimika kumpikia adui yake chai siku ya tatu.

Lakini la mwisho la Mirambo linanikosesha usingizi. Alikufa Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo akamrithi, na dola ikaanza kumeguka. Rugaruga walikuwa wakila kwa nyara na kwa jina la Mirambo. Jina lilipozikwa, hapakuwa na kitu kingine cha kuwashikilia pamoja. Watemi waliokuwa chini yake walijitoa mmoja mmoja. Alijua njia zote, alimjua kila mtu wa kuzungumza naye, na sehemu kubwa ya ujuzi huo ilikuwa kichwani mwake.

Nilipolisoma hilo nilinyanyuka nikaenda kuangalia simu yangu. Namba ya wakala wa Dar, ya dereva wa semi, ya mafundi arobaini na kitu, yote imo humo, na nyingine nimeziandika kwa majina ninayoyaelewa mimi tu: "Bati mrefu", "Yule wa Nzega". Binti yangu amemaliza kidato cha sita na anakaa dukani akisubiri chuo. Nikamwita, nikamwambia alete daftari jipya. Tumeandika jioni nne, kila namba na habari zake, nani analipa, nani anaahidi tu.

Jumamosi iliyopita nilimwachia ampigie wakala mwenyewe kuagiza mzigo wa mwezi huu. Nilikaa nje nikijifanya nasoma gazeti. Alizungumza naye dakika kumi, akacheka mara mbili, akaniletea kipande cha karatasi chenye bei. Ilikuwa chini ya bei ninayopewa mimi kwa shilingi mia tatu na hamsini kila mfuko. Nikamuuliza amemwambia nini. Akasema hakumwambia kitu, alimuuliza tu kama hiyo ndiyo bei yake ya mwisho.

Miaka kumi na minne sijawahi kumuuliza.